Laptopu imeshika waifai, intaneti hakuna? Itazame namba hii
Kabla hujailaumu ruta, jaribu waifai hiyohiyo kwenye simu, ila zima data kwanza isije ikakudanganya. Simu ikifungua kurasa, mwenye tatizo ni laptopu. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao utazame anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha laptopu kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, ujue laptopu iliomba anwani kwa ruta, ikakosa jibu, ikaamua kujipangia yenyewe. Mawimbi yatajaa na bado hupati kitu. Iambie laptopu iusahau mtandao huo, kisha unganisha upya kwa nywila. Ikigoma, chomoa ruta kwenye umeme, subiri sekunde 30, irudishe. Mimi huanzia hapo, uvivu tu. Na kama waifai haionekani kabisa, angalia kibodi: kile kitufe chenye alama ya ndege huzima waifai, na hubonyezwa bila mtu kujua.