SOMO: Mwezi mzima na kitochi bila ukoo kudhani umekufa

Wakuu, hili swali la kukaa mwezi bila smatifoni naulizwa inboksi kila wiki, naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki. Nimeshakaa siku 30 bila smatifoni mara mbili. Ya kwanza niliharibu, ya pili ilienda fresh.

1. Nunua kitochi, kile kisimu cha vitufe. Chochote, ili mradi kinakaa na chaji.

2. Laini yako kama ni ile ndogo kabisa, chukua adapta kwa fundi simu. Usiishindilie hivyo hivyo, inanasa.

3. Hamisha namba kwanza. Nyingi zimekaa kwenye Google, sio kwenye laini, ukihamisha laini bila kuzikopi unakuta kapu tupu. Laini zenyewe nyingi zinabeba 250 hivi, chagua.

4. AGA WATU. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza nilizima kimyakimya najiona shujaa, wiki ya pili baba mdogo akafariki, taarifa ikatupwa kwenye grupu la ukoo alfajiri na kila mtu akajua nimeona, kumbe mimi niko Dar dukani nacheka na wateja. Kesho yake jioni ndo shangazi ananipigia, mbona kwenye rambirambi jina lako halipo? Nafika Korogwe watu wameshatoka makaburini. Mpaka leo kuna wajomba wananipa mkono wa vidole viwili. Kwa hiyo kila grupu la maana, ukoo, kikoba, kamati ya harusi, tafuta mtu mmoja UMPIGIE umwambie likitokea jambo akupigie. Status haitoshi, inapotea baada ya saa 24. Na usimchague mvivu, mimi nusura nimpe kazi hiyo binamu yangu mmoja ana meseji 900 hajazifungua.

5. Smatifoni izime kabisa, mpe mtu akufungie kabatini. Ukiiacha inawaka kwenye waifai, WhatsApp inapokea kama kawaida hata laini haimo, watu wanaona tiki mbili wanasema umewachunia.

MASWALI

– Mkuu M-Pesa inakuwaje?
Piga *150*00#. Ilikuwepo kabla ya app.

– Namba nahamishaje?
Hatua ya 3.

– Nimesoma ila sijaelewa
Hujasoma.

– Mbwembwe zote za nini, si uzime data tu?
Sawa, wewe ulizima ukakaa masaa mangapi? Mimi niliwasha "dakika mbili" niangalie matokeo ya Simba, nashtuka saa nane usiku namtazama mtu anapika biriani Muscat. Kama unaweza kuzima data ukatulia, hili somo halikuhusu.

– Kaka samahani, akaunti ya WhatsApp haitafutwa? Na nimeiunganisha na kompyuta ya kazini, nataka kujua nikizima simu kule itaendelea?
Swali zuri dada. Akaunti wanaifuta ukikaa kama siku 120 bila kuigusa, mwezi mmoja hauna shida. Ila kompyuta itakutoa yenyewe simu kuu isipotumika zaidi ya siku 14, kwa hiyo mambo ya kazi hamishia imeili mapema. Weka na ile PIN ya hatua mbili kabla hujazima, na uiandike mahali. Facebook nayo kuna kuzima na kuna kufuta. Ukizima, Messenger inaweza kubaki hewani, izime peke yake. Ukifuta una siku 30 za kughairi, unalogini ndani ya hizo unabonyeza kughairi.

– Asante kaka. Jioni ulikuwa unafanya nini?
Redio. Chomeka waya wa eafoni hata kama unasikilizia spika, kwenye vitochi vingi ndo antena yenyewe.

– Changu kinashika bila waya
Sema na modeli basi tununue.

– Nyoka yule wa gemu yupo?
Yupo. Wiki ya kwanza sikulala.