Kibali cha Kubeba Bastola Katika Jimbo Usiloishi: Mwongozo kwa Waafrika Mashariki Walioko Marekani

Marekani haina kibali kimoja cha kubeba bastola kinachotambulika nchi nzima. Kila jimbo hutoa chake, na kila jimbo huamua lenyewe litaheshimu vibali vya majimbo gani. Leseni ya udereva ya Minnesota itakufikisha California bila swali, lakini kibali cha bastola kinaweza kukoma mpakani. Ndiyo maana ndugu zetu wanaoendesha malori ya masafa marefu, au wanaolala Maryland na kufanya kazi Virginia, huulizia kibali cha asiye mkazi, yaani kile kinachotolewa na jimbo usiloishi.

Kibali hicho kipo na ni halali. Ila maelezo mengi yaliyopo yameandikwa kwa ajili ya raia wa Marekani, na wengi wetu bado hatujawa raia. Raia akikosea hukabiliana na mahakama. Mwenye grini kadi akikosea hukabiliana na mahakama, kisha na uhamiaji, kwa sababu sheria ya uhamiaji inaruhusu kumfukuza nchini asiye raia aliyetiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria yoyote, hata kama amekaa miaka ishirini na watoto wake wamezaliwa huku.

Kwa hiyo anza na hati zako. Aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi wa F-1, mtalii au mfanyakazi wa H-1B, anakatazwa na sheria ya serikali kuu kumiliki bunduki au hata risasi. Vighairi ni vichache, kama leseni halali ya uwindaji. Katazo hili linagusa hata kukodi bastola kwenye uwanja wa shabaha, mahali ambapo wanafunzi wetu hualikwa na marafiki wikiendi na kurudi na picha za kujionyesha. Mwanangu, kama uko kwa F-1, usiishike. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Aliyepokelewa kama mkimbizi, kama walivyo Wakongo, Warundi na Wasomali wengi, hakuingia kwa viza ya muda, hivyo katazo hilo halimhusu, lakini jimbo linaweza kuweka sharti lake la ziada. Florida, kwa mfano, hutaka uwe raia au mwenye ukazi wa kudumu. Arizona hutaka uwe mkazi wa Arizona au raia wa Marekani, kwa hiyo mwenye grini kadi anayeishi Texas hana njia ya kupata kibali cha Arizona hata akihitimu mafunzo yote.

Kuna jambo wakufunzi wa bunduki hawalitaji kwa sababu hawalijui: mirungi. Majani mabichi ya mirungi, au miraa, yana kathinoni, na kathinoni imo katika kundi la kwanza la dawa zinazodhibitiwa na serikali kuu, kundi moja na heroini. Fomu 4473 unayojaza dukani unaponunua bunduki inauliza kama unatumia dawa za aina hiyo kinyume cha sheria, na inaonya wazi kwamba bangi inahesabika hata katika majimbo yaliyoihalalisha. Anayetafuna kila Ijumaa kisha akaandika hapana ametoa taarifa ya uongo kwenye fomu ya serikali, na hilo ni kosa la jinai linalojitegemea. Vilevile kesi ya kumpiga mwenza, hata ndogo, inaweza kukufungia mlango kabisa.

Ukiwa salama hapo, chagua jimbo kwa kuangalia barabara unazopita. Utah inapendwa sana kwa sababu kibali chake kinatambuliwa na majimbo mengi na si lazima uende Utah: unasoma kwa mkufunzi aliyethibitishwa na jimbo hilo, na wakufunzi hao wako pia katika majimbo mengine, kisha unatuma maombi. Kinadumu miaka 5. Ila tangu 2011, kama jimbo unaloishi linatambua kibali cha Utah, lazima kwanza uwe na kibali cha nyumbani kwako. Virginia hutoa kibali cha asiye mkazi kupitia polisi wa jimbo. Minnesota humruhusu asiye mkazi kuomba kwa sherifu wa kaunti yoyote, lakini lazima ufike mwenyewe. Maryland haitambui kibali cha jimbo lolote jingine, hivyo anayekwenda huko hana budi kuomba cha Maryland. Ada hubadilika, kwa hiyo iangalie kwenye tovuti ya ofisi inayotoa kibali siku unayoomba.

Usidanganywe na ramani za rangi zinazosambazwa, zenye majimbo "yanayokubali" kibali fulani. Colorado na Michigan huheshimu kibali cha jimbo jingine pale tu mwenye kibali anapokuwa mkazi wa jimbo lililokitoa. Kibali cha Utah mkononi mwa mkazi wa Ohio hakimsaidii kitu huko.

Maombi yenyewe kwa kawaida ni alama za vidole, picha, cheti cha mafunzo, kitambulisho na ada. Kinachotukwamisha sisi ni majina. Pasipoti ina majina matatu, grini kadi ina mawili, na leseni ya udereva imegeuza la baba kuwa la kati. Andika kila jina ulilowahi kutumia. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, na mwenye jina la kawaida pamoja na tarehe hiyo huchanganywa kirahisi na mtu mwenye rekodi ya uhalifu. Ukiwa unacheleweshwa au kukataliwa kila unapotaka kununua, FBI ina utaratibu wa kuweka kumbukumbu zako kwa hiari yako na kukupa namba maalumu ya kuandika kwenye fomu. Inafaa kuufuata mapema.

Ukumbuke pia kwamba kibali cha asiye mkazi hakikuruhusu kununua bastola katika jimbo hilo na kuondoka nayo. Bastola iliyo katika jimbo jingine hutumwa kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lako, nawe unaichukua hapo.

Zaidi ya nusu ya majimbo sasa yanaruhusu kubeba bila kibali, na wengi husema basi kibali cha nini. Jibu ni shule. Sheria ya serikali kuu inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, karibu mita 300, na inamwondolea katazo mtu aliyepewa kibali na jimbo lenyewe ambamo shule ipo. Ruhusa ya jumla ya kubeba bila kibali haitoshi, na kwa tafsiri ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia bunduki, hata kibali cha jimbo jingine kinachotambuliwa hapo hakitoshi. Ukipita mjini, huwezi kukwepa shule. Hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kuomba kibali cha jimbo unalolitembelea mara kwa mara.

Kwa majimbo usiyo na ruhusa nayo, sheria ya serikali kuu ya 1986 inakulinda ukipita tu, mradi bastola ni halali kwako unakotoka na unakokwenda, haina risasi, na haifikiki kutoka ulipokaa. Ifungie kwenye buti. Kama gari halina buti, itie kwenye kasha lenye kufuli. Kijisanduku cha dashibodi hakikubaliki. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali cha Pennsylvania, alisimamishwa New Jersey, akamwambia askari kwamba ana bastola, akakamatwa. Kosa hilo New Jersey linaweza kuleta miezi 42 gerezani kabla ya nafasi ya kuachiwa. Aliokolewa na msamaha wa gavana mwaka 2015. Asiye raia asitegemee njia hiyo. Ukikamatwa, usikiri kosa kabla wakili wako hajakueleza athari zake kwa ukazi wako: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2010, kukueleza ni wajibu wake.

Kuhusu kusimamishwa na polisi, Michigan inakutaka utamke mara moja kwamba una silaha, na baadhi ya majimbo mengine husubiri uulizwe. Philando Castile alikuwa na kibali na alimwambia askari, Minnesota, Julai 2016. Alipigwa risasi ndani ya gari lake na kufa, na askari huyo aliachiwa huru na mahakama. Weka mikono juu ya usukani, washa taa ya ndani, sema una kibali na mikono yako iko wapi, kisha uliza kabla ya kuchukua chochote. Leseni na kibali vikae mbali na bastola.

Na kabla ya safari ya nyumbani, kagua begi ulilokuwa ukienda nalo kwenye mafunzo, mfuko kwa mfuko. Risasi moja iliyosahaulika itaonekana kwenye mashine ya Jomo Kenyatta au Julius Nyerere, na huko karatasi ya Utah haina kazi.