Jinsi ya kutenganisha tangazo na kipindi cha televisheni

Naandaa vipindi vya televisheni hapa Mombasa, na msimu unaonipa kazi kubwa ni Ramadhani. Kila mwenye unga, tende au mafuta ya kupikia anataka kuonekana saa kumi na moja jioni, mama akiwa jikoni anakaanga kaimati huku jicho moja liko kwenye runinga. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Anza na mkataba. Andika humo kwamba mdhamini hachagui mgeni, hapangi maswali wala haoni kipindi kabla hakijarushwa. Kaa na watu wa mauzo mapema, maana ahadi nyingi hutolewa huko kabla wewe hujasikia. Taarifa ya habari mimi siitafutii mdhamini kabisa.

Hatua ya 2: Weka mpaka wa kuonekana na wa kusikika. Kadi ya kituo, yaani picha yenye nembo yake, na mlio wake, vilevile kila siku, kabla na baada ya matangazo. Tangazo likiwa refu, neno TANGAZO libaki kwenye skrini mwanzo hadi mwisho, kwa sababu anayebadilisha chaneli katikati hakuuona mwanzo. Pia litamke. Wapo wazee wetu wasiosoma maandishi madogo.

Hatua ya 3: Mgeni aliyelipia kiti. Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Kituo kimoja nilichofanyia kazi kilimkaribisha muuza dawa za miti kwenye kipindi cha afya. Alikuwa amelipa, na hatukusema. Siku mbili baadaye mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni, akafika langoni na kopo mkononi. Akaniuliza, “Mwanangu, ile dawa ya sukari niliyopewa hospitali niiache? Maana nyinyi mmesema.” Sisi hatukuwa tumesema. Lakini meza ilikuwa yetu, na mtangazaji wetu alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Tangu hapo, aliyelipa hakai kwenye meza ya mahojiano. Anapewa muda wa tangazo, pembe nyingine ya studio, na mtangazaji wa kipindi hashiriki. Akikataa masharti hayo, arudishiwe pesa zake.

Hatua ya 4: Bidhaa ndani ya kipindi. Kwenye mapishi, mafuta tunayamimina kwenye jagi na unga kwenye bakuli, chapa isionekane. Kama chapa imelipiwa, sema hivyo mwanzoni, na urudie kila mnapotoka kwenye matangazo. Uingereza, tangu Februari 2011, vipindi vyao vyenye bidhaa zilizolipiwa huonyesha herufi P. Mimi naona sentensi kamili ya Kiswahili inaeleweka zaidi: “Mafuta haya tumelipwa tuyaonyeshe.”

Mteja akinung'unika, mwonyeshe kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinacholitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha.

Hatua ya 5: Likiponyoka, rekebisha. Piga simu kwa mhariri siku hiyohiyo, kisha kesho yake mtangazaji yuleyule aseme wazi, katika kipindi kilekile na saa ileile, kwamba mgeni wa jana alikuwa amelipa. Usiisukume taarifa hiyo hadi usiku, wakati yule mama wa Likoni amekwisha kulala.