Pikapu kavu au yenye kila kitu? Mambo ya kuzingatia kabla hujatoa dola zako

Mvua zikishakatika mwezi wa nne na mahindi mapya yakaanza kuingia Lubumbashi, huku kwetu kusini mwa Kongo, ndipo watu huanza kuulizia pikapu. Aliyevuna ana pesa mkononi, aliyekopa ana haraka, na muuzaji anawajua wote wawili. Swali ni lilelile: nichukue ile kavu, ya vioo vya kuzungusha kwa mkono na sakafu ya mpira, au niongeze dola nichukue yenye skrini, viti vya ngozi na kifungo cha kuwashia? Mimi hujibu hivi: lipia kile ambacho fundi wa hapa hawezi kukufungia baadaye, na kataa kile ambacho fundi wa hapa hawezi kukutengenezea. Pima kila kifaa kwa kipimo hicho, uone orodha ya muuzaji inavyopungua.

Kwanza njia. Andika kwenye karatasi unakokwenda kila wiki, siyo unakokwenda mara moja kwa mwaka kumzika mjomba. Kama riziki yako iko Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa mpakani na Zambia, unatembea juu ya lami, na pikapu inayovuta kwa magurudumu mawili inakutosha. Kama ni Kasenga, Mitwaba au Pweto kati ya Novemba na Aprili, usibishane: chukua inayovuta kwa manne, yenye gia nzito ya L4 na kifungo cha kufunga difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Kifungo hicho wengi hawakiulizii, wakati ndicho cha kuulizia kabla ya vyote. Bila hicho, gurudumu moja likining'inia au likiteleza kwenye tope, nguvu yote inakimbilia hukohuko, linazunguka bure huku mwenzake limekaa kimya. Ukikibonyeza, yote mawili yanazunguka pamoja na unatoka. Kukifunga baadaye maana yake ni kuifungua difu yenyewe na kusubiri vipuri vya kuagiza. Heri kitoke kiwandani. Na ukirudi kwenye lami kavu, rudisha H2, ya magurudumu mawili. Anayekwenda na H4, ya manne, mpaka nyumbani anasaga gia na shafti zake mwenyewe.

Mifuko ya hewa na breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasigande ukifunga breki ghafla, lipia bila kunung'unika, maana hakuna gereji itakayokufungia. Ila usihesabu mifuko ukadhani umemaliza. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari, liliigongesha Nissan NP300 Hardbody ya soko la Afrika Kusini, yenye mifuko 2 ya hewa mbele, ikapata nyota 0 kwa ulinzi wa watu wazima, kwa sababu kabini yenyewe haikuhimili kishindo. Ulizia matokeo ya modeli unayoitaka, ya mwaka wake, na ya soko lilikotengenezewa.

Redio, kamera ya nyuma, taa za ziada, chuma cha mbele, bomba la kuvutia hewa juu ya vumbi, vifuniko vya viti: vyote vinafungwa mjini. Usimlipe muuzaji bei ya kiwanda.

Usukani. Kongo tunapita kulia, Zambia wanapita kushoto, na pikapu nyingi zinazopandia Kasumbalesa zina usukani wa kulia. Ukiwa nyuma ya lori la shaba kwenye barabara ya Likasi na usukani wa kulia, huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lako iwe imeshaingia upande wa pili. Ndiyo maana utamwona msaidizi ametoa kichwa dirishani anapiga kelele, "Pita, yaya, pita!" Maisha yako umeyaweka kwenye macho ya kijana ambaye jana hakulala. Mimi kati ya pikapu kavu ya usukani wa kushoto na iliyopambwa ya usukani wa kulia, nachukua kavu, na sirudi nyuma kwenye hilo.

Karoseri, yaani sehemu ya nyuma ya mzigo, ipimwe kwa futi kamba, isipimwe kwa macho. Kwenye Hilux za tangu 2015, kabini moja inakupa karoseri ya karibu mita 2.3, kabini mbili inakuachia karibu mita 1.5. Hiyo tofauti ni magunia ya makala (mkaa), au ni frijida (friji) la pili. Wafanyabiashara wa samaki watanielewa: yale mafrijida mabovu tunayolaza chali na kuyajaza barafu, kabini moja inabeba mawili bila shida, kabini mbili inabeba moja na nusu, na nusu ya frijida haipo. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hatalitaja. Uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufika umepangwa kiwandani, gari lenyewe likiwemo. Kila kilo ya viti, milango na mapambo inatolewa kwenye mzigo wako. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango, piga hesabu pale pale.

Injini. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda 6, haina turbo, na pampu yake inasukuma mazutu (dizeli) kwa mitambo mitupu. Inakwenda polepole, ina kelele, na karibu kila fundi kuanzia Kamalondo hapa mjini mpaka Pweto anaijua. Injini za kisasa zinabana mazutu kwenye bomba moja kwa presha ya zaidi ya bar 1,000, kisha kompyuta inafungua nozeli kwa zamu. Nguvu nyingi, mafuta kidogo, sikatai. Lakini maji kidogo au mchanga kwenye hiyo presha, na nozeli zimekwisha. Ukichukua ya kisasa, mazutu ya bidoni za kando ya barabara yawe ya siku ya shida tu, na umwage maji ya chini ya filta mara kwa mara.

Zile zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya za miaka ya karibuni, ziache. Zina chujio la moshi linalohitaji mazutu yenye salfa kidogo sana (Ulaya kiwango ni sehemu 10 kwa milioni tangu 2009), na nyingine zinadai maji ya AdBlue, ya kusafishia moshi; yakiisha ukazima injini, haiwaki tena mpaka uongeze. Utayapata wapi ukiwa Mitwaba?

Sasa ufunguo. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hakuna anayeufikiria.

Shemeji yangu huleta samaki wabichi kutoka Kasenga, kilomita 200 na zaidi, kuuza soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Alikuwa na Hilux kuukuu ya kabini moja. Biashara ilipomnyookea akaiuza, akachukua kabini mbili yenye kila kitu: gia za kujibadilisha, viti vya ngozi, na ule ufunguo usioingizwa popote. Unauweka mfukoni, unabonyeza kifungo, gari linawaka. Ilikuja na ufunguo mmoja. Muuzaji alisema wa pili uko njiani unakuja, na watu wote pale wakacheka kwa furaha.

Asubuhi moja kwenye gati, shemeji aliinama kusaidia kupokea sanduku la samaki kutoka kwenye mtumbwi, na ufunguo ukamtoka mfuko wa shati. Maji ya mto Luapula wakati huo ni rangi ya chai ya maziwa. Watoto walizamia kwa malipo mpaka adhuhuri. Walileta ndala, kufuli lenye kutu na kijiko, kila kimoja wakidai bei ya ufunguo. Barafu nayo inayeyuka. Akaitwa makanika wa pale, mzee anayejulikana kwa kufufua magari yaliyolala porini. Akafungua boneti, akazunguka gari mara mbili, akafunga boneti. "Patroni," akasema, "gari hii haina ugonjwa. Imekukataa tu."

Alikuwa sawa. Ndani ya ufunguo kuna chipu, na kompyuta ya gari isipoisikia hiyo chipu inazuia injini isiwake. Usukani ulikuwa umejifunga, gia imekaa kwenye P, hata kulivuta ilikuwa shughuli. Simu ikapigwa Lubumbashi kwa kijana mwenye mashine ya kupanga funguo. Jibu: lete gari. Lipakiwe juu ya nini, na kreni ya wapi? Mwishowe kijana akakubali kupanda na mashine yake pamoja na ufunguo mtupu, kwa bei aliyoitaja yeye, na alipofika samaki walikuwa wameshaondoka: akina mama wa pale waliwanunua kwa bei ya kutupa, wakawapandisha kwenye moshi. Ile Hilux kuukuu ingechongewa ufunguo palepale kwa tupa na kipande cha chuma, na angekuwa Kenya kabla ya jioni.

Kwa hiyo: hakuna ufunguo wa pili, hakuna malipo. Usikubali "unakuja". Washa gari kwa ule wa kwanza, zima, washa kwa wa pili. Ulizia mapema ni nani mjini mwenye mashine ya modeli hiyo, na je, anaweza kupanga ufunguo hata kama wote wamepotea, maana wengine wanahitaji mmoja ulio hai. Wa pili ukae nyumbani kwa mkeo au mumeo, usiufiche ndani ya gari. Na kama kazi yako ni ya majini au ya machimboni, funga wa kwanza kwa kamba kwenye mkanda, watakucheka, waache.

Matairi: pikapu zilizopambwa mara nyingi huja na rimu za inchi 18, tairi nyembamba ubavuni. Saizi kama 265/60 R18 utaipata mjini, lakini kwenye duka la kijijini utakuta za rimu 16. Ubavu mnene pia unameza mawe vizuri zaidi. Shuka chini uangalie tairi la akiba lipo, na linalingana na mengine.

Makaratasi: namba ya shasi kwenye chuma ilingane na ya kwenye karte rozi (kadi ya gari) herufi kwa herufi, na karatasi za ushuru za DGDA, yaani forodha, ziwe na namba hiyohiyo. Palipokwaruzwa au kupakwa rangi mpya kwenye namba, ondoka. Usijadiliane.

Kodi, bima, vibandiko, muuzaji atakwambia vyote viko sawa. Vione kwa macho. Usinunue kwa picha za simu. Usinunue jioni, wala wakati mvua inanyesha, kwa sababu maji yanaficha rangi iliyopigwa upya. Nenda na makanika wako, siyo anayesimama pale kwa muuzaji, na umlipe siku yake hata kama hukununua. Mwambie muuzaji hutaki gari liwashwe kabla hujafika, maana injini baridi ndiyo inayoonyesha ugonjwa wake. Uguse boneti kwanza, na ukiikuta ina joto, mwambie utarudi kesho asubuhi.