Kabla Hujatoka Kwenda Dukani: Mambo ya Kuzingatia Usije Ukakwama Bila Pochi

Kusahau pochi nyumbani kunaweza kumpata mtu yeyote, awe mwangalifu kiasi gani, kwa sababu mara nyingi chanzo chake ni badiliko dogo tu la ratiba: umebadili suruali, umehamisha vitu kutoka mkoba wa kazini kwenda mkoba wa Jumapili, au umemtuma mtoto achukue hela ya mboga naye akaiacha pochi juu ya kabati. Kwa hiyo haitoshi kujiapiza kwamba hutasahau. Kubali kwamba ipo siku utasahau, kisha jiwekee njia ambazo siku hiyo zitakuwezesha ama kulipa, ama kuondoka dukani kwa heshima bila kumtia muuzaji hasara. Hili la pili watu hulifikiria kwa nadra, nami naliona ndilo zito zaidi, kwa kuwa aibu ya mnunuzi hupita jioni hiyohiyo, ilhali hasara ya mwenye bucha au genge hubaki kwenye mtaji wake.

Basi jambo la kwanza la kuzingatia ni aina ya kitu unachokwenda kununua. Pakiti ya sukari au kipande cha sabuni kikirudishwa kwenye shelfu, mwenye duka hajapoteza chochote isipokuwa dakika chache. Lakini viko vitu ambavyo vikishapimwa, kukatwa au kumiminwa havirudi vilikotoka. Tazama kinachotokea bucha saa kumi na mbili jioni: mteja anataja kilo moja na nusu ya mnofu, muuzaji anakata pande kutoka kwenye paja linaloning'inia, anaongeza kijifupa ili mzani ukae sawa, analikatakata kwa panga juu ya gogo na kulifunga. Mteja akisema hapo ndipo amegundua hana pochi, nyama ile haiwezi kurudi kwenye ndoana, na anayefuata kwenye foleni huenda akataka nusu kilo ya maini. Hali ni hiyohiyo kwa kitambaa kilichokwishapigwa mkasi, mafuta ya kula ya kupima yaliyokwishamiminwa kwenye chupa yako, vidonge vilivyokatwa kutoka kwenye pakiti kwa idadi uliyoitaja, nywele zilizokwishasukwa na chakula kilichokwishaliwa mgahawani. Katika vituo vya mafuta jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mhudumu hujaza kwanza na kupokea fedha baadaye, na petroli ikishaingia kwenye tangi hakuna namna rahisi ya kuitoa. Kwa vitu vya aina hii, jizoeze kugusa mfuko au kufungua mkoba kabla ya kutaja kiasi unachotaka. Ni tendo la sekunde mbili, na ndilo linaloamua kama kusahau pochi kutakuwa usumbufu wako peke yako au deni juu ya mtu mwingine.

Jambo la pili ni simu, na hapa inafaa kukaa kidogo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi ya pili kwa watu wengi, kiasi kwamba wapo wanaoamini kuwa kusahau pochi si tatizo tena. Imani hiyo ni sahihi iwapo tu mambo kadhaa yametimizwa mapema. Kwanza, lazima fedha iwepo kwenye laini. Wengi huacha akaunti ya simu ikiwa tupu kwa sababu kila inapoingia hela huitoa kwa wakala, na siku ya dharura hukuta salio lisilotosha hata mkate. Chagua kiasi kinachotosha mahitaji ya siku moja ya nyumba yako, pamoja na nauli ya kurudi, na ukiache humo bila kukigusa. Pili, namba ya siri lazima uijue kwa kichwa. Ukiikosea mara tatu mfululizo huduma hufungwa, na kuifungua upya kunahitaji muda ambao mtu aliyesimama kwenye foleni hana. Tatu, jifunze kutumia huduma kwa kupiga namba ya menyu, kama *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania au *334# kwa ile ya Kenya, badala ya kutegemea programu pekee. Programu kwa kawaida huhitaji intaneti. Menyu huhitaji mtandao wa kawaida wa simu tu, na kifurushi chako kikiisha ukiwa mbele ya keshia, tofauti hiyo utaiona.

Watu husahau pia kwamba kitambulisho kwa kawaida hukaa ndani ya pochi ileile iliyoachwa nyumbani. Wakala ana haki ya kukudai kitambulisho kabla ya kukupa fedha taslimu, na Kenya utaratibu huo hufuatwa kwa ukali zaidi. Kwa hiyo mpango wa "nitakimbilia kwa wakala nikatoe" unaweza kukwama pale unapohitajika. Kulipa moja kwa moja kwa lipa namba ya duka, au kwa namba ya Till kama wanavyoita Kenya, hakuhitaji kitambulisho, na ndiyo maana ni vyema kuwa na mazoea na maduka yenye namba hizo na kujua zilipobandikwa. Unapolipa, soma jina linalotokea kwenye kioo kabla ya kuingiza namba ya siri, na kama si jina la duka, muulize muuzaji, kwa kuwa mara nyingi namba imesajiliwa kwa jina la mmiliki na si kwa jina lililoandikwa kwenye bango. Ikiwa laini yako ni ya mtandao tofauti na wa lipa namba hiyo, malipo kwa kawaida yanawezekana, lakini njia ya kufika huko ndani ya menyu ni nyingine. Ijaribu siku ya utulivu kwa kununua kitu kidogo, usisubiri kujifunza watu wakiwa wamepanga mstari nyuma yako. Na ujumbe ukichelewa kumfikia muuzaji, usilipe mara ya pili kwa haraka. Mwonyeshe ujumbe ulioupokea wewe wenye kumbukumbu namba ya muamala, kisha mngoje pamoja.

Chaji ya simu haihitaji maelezo marefu: usitoke na asilimia tano ukiitegemea simu hiyo ikulipie. Hata hivyo, simu ikizimika kabisa bado ipo njia, kwani fedha zimefungamanishwa na laini na si na simu yenyewe. Laini ikiingizwa kwenye kitochi, yaani simu ndogo ya kawaida, cha mtu unayemwamini, menyu itafunguka na utaweza kulipa, mradi usimtajie namba ya siri na uingize mwenyewe. Wanaotumia laini isiyo na kadi ya kuchomoa hawana njia hii, nao wanapaswa kuwa waangalifu zaidi na betri.

Zipo pia huduma za kukopeshwa papo hapo salio linapopungua, kama Fuliza iliyoanza Kenya mwaka 2019 na Songesha kwa wateja wa M-Pesa Tanzania. Zinasaidia, lakini hulazimu kujiunga kabla na zina gharama inayoongezeka kadiri unavyochelewa kurejesha. Mimi naziona ni njia ya mwisho, hasa kwa mtu ambaye fedha zake zipo salama nyumbani ndani ya pochi na angeweza tu kurudi kuzichukua. Kwa wenye akaunti, benki kadhaa huruhusu kutoa fedha kwenye mashine bila kadi kwa kutumia simu. Huduma hiyo nayo isajiliwe na ijaribiwe mapema.

Jambo la tatu ni noti ya akiba. Desturi ya kuficha noti nyuma ya kava la simu, chini ya soli ya kiatu, kwenye pindo la kanga au ndani ya kifuko cha funguo ni ya busara, ila ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni kwamba isikae mahali pamoja na vitu vingine vyote. Siku hizi wapo wanaobeba noti, kadi ya benki na kitambulisho vyote ndani ya kava la simu, na matokeo yake ni kwamba simu ikisahauliwa au ikiporwa kwenye daladala, kila kitu kimekwenda kwa pamoja. Sharti la pili ni kuikagua mara kwa mara. Noti iliyokunjwa miaka mingi huchanika kwenye mikunjo, muuzaji akaikataa. Zaidi ya hapo, noti huondolewa kwenye mzunguko: Kenya, noti ya zamani ya shilingi 1,000 iliacha kutumika baada ya tarehe 30 Septemba 2019, na Tanzania noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ziliisha muda wake tarehe 5 Aprili 2025. Noti uliyoificha na kuisahau inaweza kuwa karatasi isiyonunua kitu siku unapoihitaji. Ukiitumia, irudishie nyingine jioni hiyohiyo.

Jambo la nne ni watu. Kila mtu anapaswa kujua kwa kichwa walau namba mbili za simu za watu wanaoweza kumsaidia, kwa kuwa simu ikizimika orodha ya majina nayo imezimika. Hata ukizijua, fikiria jinsi ombi lako litakavyopokelewa. Ujumbe mfupi kutoka namba ngeni unaosema "nimekwama, ile hela nitumie kwenye namba hii" unafanana neno kwa neno na ujumbe wa matapeli, na ndugu mwenye busara ataupuuza, tena atakuwa amefanya vyema. Kwa sababu hiyo familia ikubaliane mapema: anayekwama apige simu, asitume ujumbe; asikike sauti yake; ataje duka alipo, lipa namba na jina litakalotokea; na anayesaidia alipe duka moja kwa moja. Makubaliano haya yawahusu zaidi wazee, kwa maana wao ndio hulengwa sana na matapeli, na pia ndio hushindwa kusoma vizuri kioo kidogo cha simu wakiwa na haraka. Mama anayekwenda duka la dawa kumchukulia mumewe dawa za presha asiachwe ategemee pochi pekee. Aandikiwe kwenye karatasi namba za watoto wake, naye aiweke pamoja na cheti cha daktari.

La tano ni uhusiano wako na mwenye duka, ambao haujengwi siku ya shida. Mangi, yaani mwenye duka dogo la mtaani, hukubali kuandika jina lako kwenye daftari kwa sababu amekuona ukilipa miezi iliyopita, na pia amekuona ukirudisha chenji iliyozidi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na wenye maduka wameyaona matanga hayo mara nyingi mno, hivyo anayekataa kukukopesha hajakutukana. Akikubali, taja mwenyewe saa utakayorudi na urudi kabla ya saa hiyo, hata kama deni ni la kiberiti. Usitoe kitambulisho cha taifa wala kadi ya benki kuwa rehani, kwani vikipotea gharama yake ni kubwa kuliko bidhaa yoyote ya dukani. Acha bidhaa yenyewe iwekwe kando. Na kwa vyovyote vile usimwache mtoto asubiri dukani kama dhamana wakati wewe unakimbia nyumbani. Nimewaona watoto waliosimamishwa pembeni mwa kaunta namna hiyo, wakiangalia mlango kila mtu anapoingia, na hakuna ununuzi unaostahili kumtia mtoto hofu ya aina ile.

Ukigundua kwamba pochi haipo, sema mapema na kwa sauti ya kawaida. Dukani inatosha kusema, "Samahani Mangi, nimeacha pochi nyumbani, naomba uniwekee hivi kando, narudi sasa hivi." Kwenye supamaketi mwambie keshia kabla hajaanza kupitisha bidhaa, kwa sababu zikishaingia kwenye mashine, kuzifuta mara nyingi humlazimu kumwita msimamizi, na watu wote nyuma yako watasubiri. Kama una maziwa au samaki wa barafu, virudishe mwenyewe kwenye friji, usiviache juu ya rafu ya biskuti vikaharibika. Mgahawani, ambako chakula kimekwishaliwa, mwombe msimamizi pembeni, mweleze ukweli na kumpa njia ya kulipwa kabla hajaanza kukushuku.

Mwisho, hakikisha kwamba pochi imesahauliwa kweli na haikuibwa. Ukifika nyumbani na kutoiona mahali ulipodhani umeiacha, usingoje kesho: ifunge kadi ya benki siku hiyohiyo, kisha nenda kituo cha polisi kuchukua taarifa ya upotevu, ambayo utaihitaji unapoomba kitambulisho kingine. Namba ya huduma kwa wateja ya benki kwa kawaida imechapishwa nyuma ya kadi, yaani ndani ya pochi ileile iliyopotea. Inakili leo kwenye karatasi, pamoja na namba ya kitambulisho chako, na uibandike ndani ya mlango wa kabati.