Jinsi ya kuomba korti ibadilishe masharti ya mgonjwa wa akili aliyeachiliwa

Ndugu zangu, hii ni kwa familia za hapa Uganda zenye mtu aliyeshtakiwa, korti ikaona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, halafu akaruhusiwa kwenda nyumbani kwa masharti. Zamani watu hao walikaa gereza la Luzira ama hospitali ya akili ya Butabika, kule Kampala, wakingojea amri ya waziri ya kuwaachilia, miaka inapita hakuna barua, mpaka 2015 Jaji Batema wa Korti Kuu Fort Portal akasema amri hiyo itolewe na korti. Basi korti ndiyo iliyoweka sharti, na korti ndiyo italibadilisha. Siyo daktari, siyo polisi, siyo chemani wa LC1 (baraza la kijiji) hata kama ni mjomba wako.

Hatua ya 1: tafuta amri yenyewe. Nenda rejista ya korti iliyosikiliza kesi ukiwa na namba ya faili, omba nakala yenye muhuri. Usitegemee vile mnakumbuka nyumbani, kila mtu anakumbuka yake.

Hatua ya 2: chagua sharti moja, hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaandika "tunaomba awe huru kabisa" na jaji hana cha kushika. Tuseme kijana anaishi Kasese na amri inasema aende Butabika kila mwezi, nauli inamaliza familia, siku akikosa pesa anakosa na dawa. Omba aonwe kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa Fort Portal, basi, mengine yabaki yalivyo. Hilo jaji analielewa haraka.

Hatua ya 3: ripoti ya daktari wa akili. Barua ya "anaendelea vizuri" haitoshi jamani! Mwombe daktari aandike ugonjwa ni upi, dawa gani, anahudhuria namna gani, dalili zikirudi zinaanzaje na nani atamrudisha hospitali, na kwamba huko mnakotaka ahamie dawa hizo zinapatikana. Ambatanisha fotokopi ya kadi ya kliniki yenye tarehe za sindano, maana ile kadi iliyochakaa inaongea kuliko sisi wote. Kama kuna pengo la miezi lielezeni wenyewe kabla wakili wa serikali hajaliona.

Hatua ya 4: nyumbani. Barua ya LC1, na kiapo cha ndugu anayekaa naye. Kama sharti linahusu kurudi kijijini, zungumzeni kwanza na familia ya aliyeumizwa, tena kwa heshima, wana uchungu wao na jaji atauliza.

Hatua ya 5: karatasi. Wakili anaandaa ombi pamoja na hati ya kiapo, inaapwa mbele ya kamishna wa viapo. Zinaandikwa Kiingereza, kwa hiyo kama mama anayeapa hasomi lazima asomewe kwa lugha anayoielewa na iandikwe pale chini kwamba alisomewa akaelewa, na aliyemwandikia aweke jina lake na anwani. Bila hiyo kiapo kinaweza kutupwa.

Hatua ya 6: peleka ombi korti ileile (korti nyingine siku hizi zinapokea kupitia ECCMIS, mfumo wa korti wa kupokea kesi kwa kompyuta), wape ofisi ya DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka ya umma, nakala, na ushahidi kwamba walipokea uwe kwenye faili, la sivyo siku ya kesi itaahirishwa tu.

Hatua ya 7: siku yenyewe mgonjwa aje, awe amekunywa dawa, amekula. Ombeni mkalimani mapema. Akiulizwa aruhusiwe kujibu mwenyewe, msimkatize.

Wakati mnangoja, masharti ya zamani yanafuatwa yote, hata lile mnalotaka libadilishwe. Amri mpya ikitoka chukueni nakala zenye muhuri, moja kliniki ya zamani, moja kliniki mpya, moja polisi, moja kwa chemani, na moja mgonjwa atembee nayo, maana afande wa roadbloku hajui habari za korti.