Rigi ya begani ya kamera kwa bomba za PVC

Kamera ikiwa nyepesi ndivyo inavyotikisika zaidi. Kamera kubwa za zamani za televisheni zilikaa begani zenyewe. Hizi ndogo za siku hizi, ukizishika mikononi tangu bwana harusi anaingia ukumbini hadi keki inakatwa, picha inapepea. Dawa yake ni rigi, yaani fremu ya kubebea kamera begani. Kwa wadau wa Tanga, vifaa vyote hivi utavipata kwenye maduka ya ujenzi pale Ngamiani.

1. Bomba. Chukua bomba la maji la nusu inchi, lile zito. Ya kupitishia nyaya za umeme achana nayo, inapinda. Ongeza kona 4, tii 2 (viungo vya umbo la T), gundi ya PVC, na raba za usukani wa baiskeli, ambazo Tanga huwezi kuzikosa.

2. Fremu. Kata vipande viwili vya sentimita 40, viwili vya 6, viwili vya 12 na viwili vya 13. Unganisha mstatili: kona pembeni, vya 12 vikilala nyuma na mbele. Tii zikae kati ya 6 na 40, midomo ikitazama chini. Humo ndimo inaingia mikono ya sentimita 13. Usitie gundi bado. Vaa fremu begani, rekebisha mikono mpaka viwiko vishuke karibu na mbavu, kisha piga mstari wa kalamu unaovuka kila kiungo kutoka bomba hadi kona. Gundi hii inakamata haraka mno, na huo mstari ndio utakaokuonyesha pa kusimamia.

3. Kiti cha kamera. Kipande cha plaiwudi ya milimita 12, kifungwe juu ya bomba kwa klipu. Kiache kitokeze upande wa kichwa chako ili kioo cha kutazamia cha kamera kije mbele ya jicho.

Hapa kwenye bolti ya kufungia kamera kwenye ubao kuwa makini. Tundu la chini ya kamera ni la robo inchi, meno 20 kwa inchi. Muuza duka atakupa M6, yaani ya milimita 6, kwa macho zinafanana kabisa, lakini M6 ni nyembamba kidogo na meno yake yamebanana zaidi: italegea, au itakula meno ya kamera. Ijaribu kwa spana. Kichwa kikishikwa sawasawa na spana namba 10, rudisha. Bolti sahihi ikishapita kwenye ubao, ncha itokeze milimita 5 tu. Ikizidi, ongeza washa.

4. Uzito wa nyuma. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanalalamika mikono inauma. Kamera ya kilo 1.2 ikikaa sentimita 25 mbele ya bega, zidisha: 30. Nyuma nako ipatikane 30 ileile: kwenye sentimita 20, unahitaji kilo 1.5. Mfuko wa mchanga unatosha, ila mimi napendelea betri ya volti 12 inayowasha taa yangu. Mzigo ni uleule, na kazi inafanya. Ifunge kwenye kona ya nje, mbali na kichwa, maana kamera imeegemea ndani. Achia mikono taratibu: rigi ikibaki imelala, sawa. Ikiinama mbele, sogeza bega karibu na kamera kabla ya kuongeza kilo.

5. Kumalizia. Tia gundi, iache hadi kesho yake. Sponji ya godoro begani, raba kwenye mikono. Zikicheza, zungushia soletepu kwanza. Bolti zipakwe grisi, upepo wa bahari haukawii kuzila.

Ukitembea, piga hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea. Rigi inatuliza mikono tu, mdundo wa miguu haiuondoi.